Kunguni katika fleti: Aibu ndiyo inayowalisha

Je, msomaji, umewahi kuamka alfajiri ukakuta mkono mzima una vipele vilivyopangana kama shanga, nawe hukumbuki kuumwa na mbu? Umewahi kufunua shuka jeupe ukaona vidoa vya damu vidogo kama ncha ya kalamu? Ikiwa jibu lako ni ndiyo, makala haya yanakuhusu. Na ikiwa jibu ni la, yasome vilevile, kwa maana huenda jirani yako wa upande wa pili wa ukuta anajikuna usiku huu na hajathubutu kukuambia.

Mdudu aitwaye kunguni si mgeni hapa Pwani. Wazee wetu walimjua katika vitanda vya kamba, nao walipambana naye kwa maji ya moto na jua la mchana. Lakini wengi wetu hatuishi tena katika nyumba ya peke yake yenye ua. Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani, ukaingia Kongowea na Mkomani, utaona jinsi nyumba za ghorofa zilivyoongezeka. Katika nyumba hizo watu wa milango kumi au ishirini wana kuta za pamoja, mabomba ya pamoja, ngazi moja na pengine kamba moja ya kuanikia nguo. Humo kunguni wa mmoja ni kunguni wa wote, hata kama wote hawajajua.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wapo wasomaji watakaoona kama tunasimulia habari zao. Mama mmoja wa ghorofa ya pili amempokea mwanawe aliyefunga shule ya bweni. Kijana amekuja na sanduku lake la bati, blanketi na godoro jembamba. Baada ya wiki kadhaa mama anaanza kuona vipele kwa watoto wadogo. Siku anapomwona kunguni wa kwanza kwenye mshono wa godoro, moyo unamdunda. Watu watasema nini? Kwamba yeye ni mchafu? Basi anafunga mlango, ananunua dawa ya kopo dukani na kupulizia peke yake. Usiku wa manane anaburuta lile godoro hadi kwenye jaa bila ya kuonwa na mtu.

Mwezi wa pili kunguni wamerudi, tena wengi kuliko mwanzo. Bibi mzee wa mlango wa pili naye anaumwa, lakini naye ananyamaza, kwa kuwa anadhani ni kwake tu. Na lile godoro? Mlinzi aliliokota jaani asubuhi, akalitandika kwenye chumba chake chini ya ngazi. Alifurahi kupata godoro zuri namna ile.

Katika kisa hiki hakuna aliyefanya jambo kwa nia mbaya. Kila mmoja alificha, na kule kuficha ndiko kulikowapa kunguni nafasi ya kuenea jengo zima.

KUNGUNI NI MDUDU GANI?

Kunguni mzima ana urefu wa milimita 5 hivi, karibu sawa na punje ya pojo iliyobonyezwa ikawa bapa. Rangi yake ni ya kahawia, na akishashiba damu hufura na kuwa mwekundu. Hawezi kuruka hewani kama mbu wala kuchupa kama kiroboto. Hutembea tu, lakini hutembea upesi, naye anaweza kupita katika ufa ambao kadi ya simu ingepenya kwa shida.

Wataalamu wanawajua kunguni wa aina mbili wanaomfuata sana binadamu. Mmoja, Cimex lectularius, amezoea zaidi nchi za baridi. Mwingine, Cimex hemipterus, ni wa nchi za joto kama yetu. Tabia zao zinafanana, na njia za kupambana nao ni zile zile.

Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika maisha yake anaweza kutaga mamia. Yai ni jeupe, lina urefu wa milimita 1, nalo hugandishwa ndani ya ufa kwa utomvu kama gundi. Baada ya wiki moja au siku kumi hivi, yai huanguliwa na kutoka tunutu, yaani mtoto wa kunguni, aliye mdogo na mweupe kiasi kwamba ni vigumu kumwona. Tunutu huyo hupitia hatua 5 za kujivua gamba kabla ya kuwa mzima, na katika kila hatua ni lazima anyonye damu. Katika joto kama la Mombasa, safari hiyo kutoka yai hadi mzima huchukua kiasi cha wiki 5 au 6. Kwa kuwa hatuna majira ya baridi kali ya kuwapunguzia kasi, hapa kwetu wao huzaana mwaka mzima.

Mchana hujificha. Usiku, hasa saa za karibu na alfajiri, huvutwa na joto la mwili na pumzi tunayoitoa puani. Hunyonya kwa dakika chache, kisha hurudi mafichoni. Anaweza kukaa bila chakula kwa wiki nyingi, hata miezi kadhaa. Kwa hiyo wewe unayefunga nyumba ukaenda bara kwa likizo ya mwezi mmoja ukitumaini watakufa njaa, utawakuta wakikungoja.

JE, WANAAMBUKIZA MAGONJWA?

Hili ni swali ambalo watu wengi huliuliza kwa hofu, hasa kuhusu Ukimwi. Jibu ni hili: licha ya utafiti wa miaka mingi, haijathibitishwa kwamba kunguni humwambukiza binadamu virusi vya Ukimwi, homa ya ini au malaria kwa kumuuma. Ondoa hofu hiyo.

Hata hivyo, tusiwachukulie kuwa ni jambo dogo. Kujikuna kunachubua ngozi, na mahali palipochubuka huingia vijidudu na kufanya vidonda vyenye usaha, hasa kwa watoto. Mahali walipojaa sana, wamewahi kuhusishwa na upungufu wa damu. Juu ya hayo ni usingizi. Mtu asiyelala usiku mwezi mzima hufanya kazi vibaya, huwa mkali kwa watoto wake, na mwanafunzi husinzia darasani. Wapo wanaoingiwa na wasiwasi wakaogopa hata kupanda kitandani.

Jambo jingine la kujua ni kwamba miili haifanani. Mtu mmoja atatokwa na mapele makubwa, na mwenzake wanayelala kitanda kimoja asione hata alama. Kwa mtu anayeumwa kwa mara ya kwanza, vipele vinaweza kuchelewa siku nyingi kutokea. Ndiyo maana mume husema, "Mimi sijaumwa, hao kunguni unawaota," kumbe naye analiwa kila usiku. Usiamue kwa vipele peke yake.

MBONA DAWA HAIWAUI?

Kuanzia miaka ya 1940, dawa ya DDT iliwafagia kunguni katika nchi nyingi, hata watu wakadhani wamekwisha. Lakini mapema sana, mnamo 1947, kule Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii, waligunduliwa kunguni ambao DDT haikuwaua tena. Wale wachache waliosalimika ndio waliozaa, na watoto wao wakarithi ule usugu.

Baadaye zikaja dawa zilizoigizwa kutokana na pareto, lile ua jeupe ambalo Kenya iliwahi kuongoza ulimwengu kwa kulilima. Dawa hizo huitwa pairethroidi, na ndizo zilizomo katika makopo mengi ya kupulizia yanayouzwa madukani na katika vyandarua vya kuzuia mbu. Pairethroidi na DDT hupiga mishipa ya fahamu ya mdudu mahali pamoja, kwa hiyo kunguni aliyezoea moja mara nyingi huistahimili na nyingine. Mwaka 2002, watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya Tanzania walieleza kwamba kunguni wa nchi za joto walionekana kuwa sugu kwa pairethroidi mahali ambapo vyandarua vyenye dawa hiyo vilikuwa vimetumika.

Tafadhali usielewe vibaya. Hiyo si sababu ya kuacha chandarua. Chandarua hakizai kunguni, na malaria inaua. Kifue, kikague mikunjo yake, uendelee kulala ndani yake. Ila usitegemee kwamba dawa iliyomo itakumalizia kunguni.

Kuna na ubaya wa pili wa kupulizia peke yako. Dawa nyingi za kopo huwakera kunguni kuliko zinavyowaua. Wakikereka, hutawanyika. Hupita kwenye nyufa za plasta, kando ya mabomba ya maji, kwenye matundu ya nyaya za umeme na chini ya milango, wakatokea kwa jirani. Dawa inapokwisha nguvu hurudi, na mayai ambayo dawa hazikuyagusa yamekwisha kuanguliwa. Yule mama wa mfano wetu, alipodhani anapigana nao, alikuwa akiwagawa kwa majirani.

FLETI MOJA HADI NYINGINE

Hili si la kukisia. Katika mji wa Indianapolis nchini Marekani, watafiti walichunguza jengo moja la ghorofa 15 lenye fleti 223. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2010. Ndani ya miezi 41 tangu kunguni wa kwanza kuthibitishwa, fleti 101 zilikuwa zimewahi kuingiwa, yaani karibu nusu ya jengo zima. Na la kushangaza zaidi, nusu ya watu waliokuwa na kunguni hawakujua kwamba wanao.

Fikiri jambo hilo, msomaji. Kama katika jengo lako fleti mbili zinalalamika, yawezekana fleti nyingine mbili zinao na hazijui. Ukitibu zile mbili zinazojulikana tu, umeacha mbegu.

Tena usiseme kwamba hao ni wadudu wa maskini au wa wachafu. Mnamo 2023 mji wa Paris, Ufaransa, ulijaa kelele kuhusu kunguni katika nyumba, majumba ya sinema na magari moshi, mwaka mmoja tu kabla ya kupokea michezo ya Olimpiki. Kunguni hali takataka wala hafuati jaa. Anafuata damu, na damu ya tajiri wa Nyali ni sawa na damu ya mchuuzi wa Kongowea. Usafi na mpangilio husaidia kumwona mapema na kumnyima maficho, lakini mtu msafi kabisa anaweza kumleta nyumbani kwa sanduku la mwanafunzi, begi la safari, kochi kuukuu alilonunua kwa mtu, au mzigo wa mitumba.

DAWA ZINAZOUA WATU

Kabla hatujafika kwenye njia za kuwaondoa, ni lazima tutoe onyo. Mtu aliyekosa usingizi kwa mwezi mzima yuko tayari kujaribu lolote, na hapo ndipo balaa hutokea.

Usitumie kamwe vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani ndani ya nyumba ya kulala. Vidonge hivyo vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua watu. Gesi hiyo hupenya katika nyufa zile zile wanazopita kunguni, kwa hiyo unaweza kuwaua watoto wa jirani hali wewe umetoka nje. Usitumie dawa ya josho la mifugo wala dawa ya shambani kwenye godoro analolalia binadamu. Usinunue dawa iliyotiwa katika chupa ya soda isiyo na lebo, kwa kuwa hujui ni nini, na mtoto anaweza kuinywa. Mafuta taa kwenye godoro na chaga ni moto unaongoja njiti.

Mtu aliyevuta au kuguswa na sumu ya wadudu anaweza kutokwa na mate mengi, kutapika, kutetemeka, kuona kizunguzungu au kupumua kwa shida. Mtoe kwenye hewa safi, mvue nguo zilizolowa dawa, muoshe kwa maji mengi na sabuni, kisha mkimbize hospitali. Chukua na lile kopo au lebo ya dawa ili daktari ajue ni sumu gani. Usimlazimishe kutapika.

Ama majani ya mwarobaini chini ya godoro, ambayo wengi wetu tumeyarithi kwa wazee, hayana hatari kama hizo, lakini usiyategemee peke yake kumaliza kunguni waliokwisha kuzaana.

FANYA HIVI

1. Hakikisha kwanza. Amka saa tisa za usiku, washa tochi ghafla, uangalie mishono ya godoro, viungo vya kitanda, chaga, nyuma ya ubao wa kichwani, mikunjo ya mapazia, kochi, nyuma ya picha za ukutani na nyufa za plasta. Tafuta vidoa vyeusi kama vya wino, ambavyo ni choo chao, magamba waliyojivua, na mayai meupe. Mkamate mmoja kwa selotepu au umtie ndani ya chupa, upate cha kuonyesha.

2. Usihame chumba. Ukienda kulala sebuleni watakufuata, na sasa utakuwa na vyumba viwili vya kutibu.

3. Usitupe godoro ovyo. Godoro nyingi zinaweza kuokolewa. Likiwa limechakaa na huna budi kulitupa, lichane kwa kisu, lifunge kwa karatasi kubwa ya nailoni kabla ya kulipitisha kwenye ngazi, na uandike juu yake kwa herufi kubwa: LINA KUNGUNI. Mtu yeyote asiliokote.

4. Tumia joto. Joto linaua kunguni na mayai yake, na hakuna kunguni aliye sugu kwa maji yanayochemka. Shuka, foronya, vyandarua na nguo zitie kwenye ndoo yenye kifuniko ukiwa humo humo chumbani, usizibebe wazi kupita ukumbini. Nguo zinazostahimili zifue kwa maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi, kisha zianike juani na kuzipiga pasi vizuri kwenye mishono. Chandarua chenye dawa usikichemshe, na usikianike juani. Kifue kwa maji ya kawaida na sabuni ya kipande, ukikague, ukianike kivulini.

5. Kifungue kitanda. Toa chaga zote, zipeleke bafuni au uani, uzimwagie maji yanayochemka kwenye kila tundu na kiungo. Watoto wakae mbali. Mishono ya godoro isugue kwa brashi ngumu. Kuanika godoro juani kunasaidia kuwaona wanaokimbia, lakini jua haliingii hadi katikati ya godoro nene, kwa hiyo usidhani limetibika. Ukipata kifuniko cha godoro chenye zipu kinachoziba kote, kitumie, na usikifungue.

6. Ziba nyufa. Plasta iliyopasuka, matundu ya mabomba ukutani, mbao za mlango zilizoachana na ukuta, vyote hivi ni barabara na nyumba za kunguni. Ndiyo maana ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Soketi za umeme usizimwagie maji wala dawa ya maji. Mwite fundi.

7. Kifanye kitanda kisiwa. Kivute mbali na ukuta. Kila tendegu liweke ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Shuka lisiburuzike chini, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Kwa kuwa kunguni hawezi kuruka, hana njia nyingine ya kukufikia isipokuwa kupanda. Makopo hayo hukuonyesha pia kila asubuhi kama wapo na kama wanapungua.

8. Dawa ipuliziwe na mjuzi. Mtu anayekuja kupulizia mwombe kibali chake, umuulize jina la dawa, na uione lebo. Hapa Kenya dawa za wadudu ni lazima ziwe zimesajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia bidhaa hizo, na namba ya usajili huandikwa kwenye lebo. Funika chakula na vyombo, toa ndege na wanyama, na watu wote watoke hadi dawa ikauke na nyumba ipate hewa. Mama mjamzito, watoto wachanga na wenye pumu wasirudi mapema. Kisha mtu huyo arudi baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu ya mayai yaliyoanguliwa baadaye. Anayekuahidi kwamba atawamaliza kwa siku moja na hatarudi tena, hajui kazi yake au hataki kukuambia kweli.

9. Endelea kukagua. Angalia kila wiki. Usitangaze ushindi mpaka ipite miezi miwili hivi bila ya alama yoyote, kwenye fleti yako na za majirani.

MPIGIE JIRANI HODI

Hayo yote yatakufaa nusu tu ikiwa utayafanya peke yako. Hatua iliyo ngumu kuliko zote haihitaji pesa. Ni kwenda kwenye mlango wa jirani na kusema. Wengi wetu ulimi unakuwa mzito hapo. Sema kwa urahisi, namna hii:

"Hodi! Shikamoo, mamangu."

"Marahaba, mwanangu, karibu."

"Mama, nimekuja na jambo la aibu kidogo. Kwangu kumeingia kunguni. Nimeona nikwambie mapema, maana ukuta wetu ni mmoja. Ukipenda, tuangalie na kwako, na kama wapo tuwatoe pamoja."

Hukumshutumu, hukusema wametoka kwake, umejitaja wewe kwanza. Mara nyingi jibu utakalopata ni pumzi ndefu ya kushukuru: "Ewe mwanangu, nami wiki ya tatu silali!"

Mkisha kujuana, teueni mtu mmoja kwa kila ghorofa. Kagueni fleti zote, na chumba cha mlinzi na cha msimamizi wa nyumba msikisahau. Fleti zilizopakana na ile yenye kunguni, pande zote, juu na chini, zitibiwe siku ile ile hata kama hazijaona kitu. Mpatane siku moja, mchange, na mumwite mtu mmoja. Aliye na uwezo mdogo asaidiwe, kwa sababu fleti moja iliyoachwa itawarudishia nyote taabu.

Mwenye nyumba naye ana sehemu yake. Baadhi ya wapangaji huogopa kumwambia, wakidhani watafukuzwa. Wewe mwenye nyumba unayesoma haya, ukimfukuza mpangaji mwenye kunguni unabaki na kunguni bila ya mpangaji. Atakayefuata utampokea na tatizo lile lile, na wengine wote wa jengo watajifunza kukuficha. Mwambie kila mpangaji kwamba anayetoa habari mapema hatalaumiwa. Kulitibu jengo zima mara moja ni nafuu kuliko kutibu mlango mmoja mmoja mwaka mzima.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya, haikuwasahau wadudu. Kifungu cha 118 kinahesabu nyumba iliyo chafu au iliyojaa wadudu kiasi cha kudhuru afya kuwa ni kero, yaani jambo ambalo ofisa wa afya ana uwezo wa kuamuru liondolewe. Kero ikitokana na kasoro ya jengo lenyewe, amri huelekezwa kwa mwenye nyumba. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na viwango vya kutosha vya usafi.

Tangu 2013 huduma za afya za mashinani ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo mkiwa mmemweleza mwenye nyumba na hakuna kilichofanyika, andikeni barua ya pamoja, mtie sahihi nyote, mkaipeleke kwa afisa wa afya ya umma, yule tuliyemzoea kwa jina la Bwana Afya. Chukueni na ile chupa yenye kunguni. Barua ya milango kumi ina uzito kuliko malalamiko ya mtu mmoja, na ni vigumu kumwonea mpangaji mmoja pale wote wamesimama pamoja.

USIWALETE TENA

Mwanafunzi anapofunga shule, sanduku lake lifunguliwe uani au bafuni, si kitandani. Nguo zote ziingie kwenye maji ya moto kabla ya kuingia kabatini. Ukirudi safari, begi lisiwekwe juu ya kitanda. Kochi na kitanda vilivyotumika vikague kwa tochi, mshono kwa mshono, kabla ya kulipa pesa, hata kama bei inakuvutia. Mitumba ifue na kuipiga pasi kabla ya kuivaa. Na unapohama nyumba, usiwafiche watu wa mkokoteni wala wa nyumba unayohamia. Safisha kwanza, ndipo uhame.

Waliotutangulia walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa kunguni wa fleti, mkono mmoja pia hautoshi. Basi leo jioni, kabla ya kulala, chukua tochi ukague kitanda chako. Ukikuta kitu, usishike kopo la dawa kwanza. Vaa kanga yako au kikoi chako, toka nje, ukapige hodi mlango wa pili.